Jicho la Mwalimu wa Awali: Upimaji na Imani za Walimu katika Madarasa ya Mbeya na Iringa

Upimaji katika elimu ya awali ni kazi ya kutambua mtoto wa miaka minne au mitano anaweza nini, anakwama wapi, na kesho afanyiwe nini. Tanzania Bara haina mtihani wa kitaifa katika ngazi hii. Hakuna bahasha iliyofungwa kwa lakiri, hakuna msimamizi kutoka shule ya jirani, hakuna matokeo ya kubandikwa ukutani. Mwalimu mwenyewe ndiye anayeamua atazame nini, aulize nini, aandike nini na apuuze nini. Ndiyo maana anachokiamini kuhusu watoto kina nguvu kuliko chombo chochote cha upimaji anachokabidhiwa. Walimu wawili, mmoja Tukuyu na mwingine Mafinga, wanaweza kupewa orodha hakiki ileile na watoto wenye uwezo uleule, wakatoka na picha mbili zisizofanana hata kidogo.

Imani za mwalimu, kwa maana inayotumika hapa, ni yale anayoyachukulia kuwa kweli bila kuyahoji: kwamba mtoto huja shuleni akiwa mtupu, kwamba akili ni ya kuzaliwa nayo, kwamba kucheza ni kupumzika baada ya kazi, kwamba daftari lililojaa ndilo ushahidi wa kujifunza. Mwalimu hajifunzi haya chuoni. Dan Lortie, mwanasosholojia wa Marekani, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba kila mwalimu huingia chuoni akiwa ameshakaa maelfu ya saa darasani kama mwanafunzi, akiwatazama walimu wake. Hapo ndipo picha yake ya kazi hujengeka, na miaka miwili au mitatu ya mafunzo hupata shida kuifuta.

Kwa Nyanda za Juu Kusini, ukanda zilipo Mbeya na Iringa, hoja hiyo ina sura ya pekee. Elimu ya awali iliingia rasmi katika mfumo kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, iliyotaka shule za msingi ziwe na madarasa ya awali. Kabla ya hapo kulikuwa na shule za vidudu na chekechea za makanisa, vijiji na mashamba makubwa, zikiwa chini ya idara ya ustawi wa jamii kwa sheria ya vituo vya kulelea watoto ya mwaka 1981. Watoto wengi wa vijijini hawakuziona. Hivyo mwalimu wa awali wa Rungwe au Kilolo mwenye umri wa miaka arobaini au hamsini, mara nyingi, hakupita darasa la awali. Kumbukumbu yake ya kwanza ya shule ni Darasa la Kwanza: madawati, ubao, wimbo wa irabu, fimbo pembeni. Anapopewa watoto wadogo zaidi, huchukua picha hiyo na kuipunguza kimo. Anatoa masomo yale ya Darasa la Kwanza, ila polepole zaidi.

Sera iliyofuata, ya mwaka 2014, iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja, na Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada na michango ya lazima katika shule za serikali. Januari 2016 madarasa ya awali yalifurika, na uandikishaji nchini ukavuka milioni 1.5 mwaka huo. Mwaka huohuo Taasisi ya Elimu Tanzania ilitoa mtaala mpya unaojengwa juu ya umahiri: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, stadi za kisanaa, na dhana za awali za kihisabati. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 ulianza kutumika Januari 2024. Mitaala hii inataka upimaji endelevu: kumtazama mtoto akicheza na kufanya kazi, kumuuliza kwa mdomo, kujaza orodha hakiki, kutunza mkoba wa kazi wenye michoro na vitu alivyotengeneza, na kuwapa wazazi taarifa ya maendeleo isiyowapanga watoto kwa nafasi.

Kwa maandishi, basi, hakuna upungufu mkubwa. Upungufu unaonekana asubuhi ya Februari, mvua zikiwa zimeshika, watoto sabini au themanini wakiwa wamebanana chumba kimoja, wengine wameletwa na dada zao wa Darasa la Tatu ingawa hawajafikisha umri, na mwalimu ni mmoja. Katika hali hiyo njia inayobaki rahisi ni kuimba pamoja. Mwalimu hunyoosha kijiti kwenye ubao, darasa zima huitika, na sauti ya pamoja huchukuliwa kuwa kipimo: wakiitika kwa nguvu, wameelewa. Mtoto anayefuata midomo ya mwenzake hahesabiwi. Zipo siku mwalimu humwita mmoja mmoja mbele, na wanaoitwa ni walewale wanaojulikana kuwa watajibu, maana kumwita asiyejibu hupoteza muda na humwaibisha.

Ni rahisi kusema mwalimu huyu hajui mtaala, lakini mara nyingi anaujua. Akiulizwa, atasema watoto hujifunza kwa kucheza na kwamba kila mtoto ana kasi yake, na atasema kwa dhati. Tofauti kati ya kauli hiyo na wimbo wa irabu si unafiki. Mtu hubeba imani zaidi ya moja, na idadi ya watoto, urefu wa kipindi na macho ya wakubwa huamua ipi ipande juu. Kulaumu imani bila kugusa idadi ni kumwonea mwalimu. Lakini kupunguza idadi peke yake nako hakutoshi, kwa sababu katika shule binafsi za mijini, zenye watoto ishirini tu darasani na zulia sakafuni, wimbo wa irabu mara nyingi hubadilika tu kuwa wa Kiingereza.

Gavin Brown, mtafiti wa New Zealand, aliyechunguza fikra za walimu wa shule za msingi mwanzoni mwa karne hii, aliona makundi manne ya mitazamo kuhusu upimaji. Kwanza, upimaji ni wa kuboresha ufundishaji na ujifunzaji. Pili, ni wa kumhukumu mwanafunzi. Tatu, ni wa kuihukumu shule na mwalimu. Nne, hauna maana, ni usumbufu tu. Mwalimu mmoja anaweza kuwa na yote manne kwa wakati mmoja, kwa uzito tofauti. Ukipitisha mitazamo hiyo katika madarasa ya awali ya Mbeya na Iringa, wa tatu ndio unaostahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu wanaompima mwalimu ni wengi na kila mmoja anatafuta ushahidi wake.

Wa kwanza ni mzazi. Katika miji ya Mbeya, Iringa, Makambako na Tunduma, mzazi aliyelipa ada ya shule binafsi hufungua daftari jioni kutafuta vema. Mtoto aliyejenga nyumba ya vibuyu na vijiti siku nzima hana cha kuonyesha, na mzazi hujiuliza fedha zake zinakwenda wapi. Shule hulijua hilo. Ndiyo sababu watoto wa miaka mitano hupewa mitihani ya mwisho wa muhula, huandikiwa kuwa wa tatu kati ya arobaini, na mwisho wa mwaka huvalishwa joho na kofia ya mahafali. Baadhi ya shule za mchepuo wa Kiingereza huwapa usaili kabla ya kuwapokea Darasa la Kwanza, na hapo mwalimu wa awali naye anakuwa amesailiwa. Mzazi wa kijijini haonyeshi haraka ya namna hiyo, ila naye ana kipimo: mtoto aweze kuandika jina lake.

Wa pili ni mwalimu wa Darasa la Kwanza. Anapokea watoto Januari, na lawama yake ni fupi: ameletewa watoto wasiojua hata a. Yeye mwenyewe amebanwa. Tangu mpango wa Matokeo Makubwa Sasa wa mwaka 2013, stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu zimekuwa kipaumbele cha taifa. Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza mwaka 2015 ulijengwa juu ya stadi hizo tatu, na watoto wa Darasa la Pili hupimwa. Mkoa wa Iringa ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mradi wa Tusome Pamoja, uliofadhiliwa na Marekani kuanzia 2016, uliojikita katika usomaji wa madarasa ya mwanzo. Nia ilikuwa njema, na usomaji ulihitaji msukumo huo. Matokeo yake kwa darasa la awali ni kwamba shinikizo lilishuka ngazi moja. Mwalimu wa awali anajua kwamba hakuna atakayemuuliza kama watoto wake wanajua kusubiri zamu, kusimulia kisa au kunawa mikono bila kuambiwa.

Wa tatu ni mthibiti ubora wa shule. Akiomba azimio la kazi, andalio la somo na madaftari, shule itatunza azimio, andalio na madaftari. Akiketi nusu saa akatazama kona ya duka la watoto wenyewe wakiuziana vifuniko vya chupa, shule itatunza kona hiyo. Imani ya mthibiti hufika darasani kabla ya imani ya mwalimu, jambo ambalo semina za walimu husahau.

Mtoto mwenyewe hana sauti katika mashauri haya, na hapa ndipo upimaji wa Nyanda za Juu Kusini unapokutana na mambo ambayo fomu haiyaoni. La kwanza ni lugha. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika madarasa ya awali ya serikali, na ni haki kiwe hivyo katika nchi yenye lugha zaidi ya mia moja. Ila mtoto wa Kisafwa kutoka miteremko ya Mbeya, wa Kinyakyusa kutoka Busokelo, au wa Kihehe kutoka ndani ya Kilolo anaweza kuingia darasani akiwa na Kiswahili kidogo sana. Akiulizwa kuhusu picha ya kuku na vifaranga, akanyamaza, orodha hakiki husema hajui kuhesabu. Pengine anahesabu vizuri kwa Kihehe. Mwalimu anayeamini kwamba lugha ya nyumbani ni kizuizi cha kuondolewa ataandika alama ya chini na kusonga mbele. Anayeamini kwamba ni maarifa atauliza tena kwa namna nyingine, au atamwomba mwenzake amuulize.

Kunyamaza kwenyewe kuna maana zake. Katika familia nyingi za huku mtoto hufunzwa kumsikiliza mkubwa na kutojibishana naye. Mkubwa haulizi mambo anayoyajua tayari, kwani akiuliza mbuzi wako wapi, ni kwa sababu hawaoni. Shuleni mtoto hukutana na mtu mzima anayeinua kalamu na kuuliza ni nini hii, huku kila mtu akiiona kuwa ni kalamu. Mtoto mwenye adabu anaweza kudhani kuna mtego. Anayejibu haraka, ambaye nyumbani pengine angeonywa kwa kiherehere, ndiye anayeandikwa kuwa mchangamfu na mwenye akili.

La pili ni vifaa vinavyotumika kupima. Robert Serpell, aliyefanya utafiti Zambia kwa miaka mingi, alilinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester katika kazi iliyochapishwa mwaka 1979. Walitakiwa kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi watoto wa Uingereza waliwashinda wenzao. Kwa waya, ambao watoto wa Lusaka huutumia kutengenezea magari ya kuchezea, wa Lusaka walishinda. Kwa udongo walilingana. Uwezo wa kuiga umbo ulikuwepo kwa wote, na kifaa ndicho kilichoamua nani aonekane anao. Magari ya waya na ya mabua yapo pia Igawa, Uyole na Ifunda, ila mlangoni pa darasa huambiwa yabaki nje.

Ilula, kwenye barabara kuu ya Iringa na Morogoro, nyanya huuzwa kwa mafungu, ndoo na matenga. Mtoto wa miaka mitano anayekaa na mama yake gengeni huchambua zilizoiva na mbichi, kubwa na ndogo, hupanga mafungu ya idadi sawa na hutambua fungu lililopungua moja. Isyonje, kwenye njia ya Mbeya kwenda Tukuyu, mwenzake hufanya hivyo kwa viazi. Kuainisha, kulinganisha, kupanga kwa mfuatano, kuhesabu vitu kwa kugusa kimoja kimoja: hizo ndizo dhana za awali za kihisabati ambazo mtaala unazitaja. Mchezo wa mdako, wa kurusha kokoto juu na kuzoa nyingine kabla haijatua, unadai hesabu, shabaha na kumbukumbu kwa mara moja. Mwalimu anayeamini hesabu huanza pale tarakimu inapoandikwa ataona watoto hawa hawajaanza. Watafiti Sara Harkness na Charles Super, waliofanya kazi Kokwet miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya tangu miaka ya 1970, walikuta wazazi wakipima akili ya mtoto kwa namna anavyotumwa: kama anaelewa, anakumbuka njiani, na anarudi na kitu sahihi. Wazazi wa Mufindi au Kyela hawatashangazwa na kipimo hicho. Darasani hakina safu katika fomu.

La tatu ni mwili. Kwa vizazi kadhaa shule nyingi za Afrika Mashariki zilipima utayari wa mtoto kwa kumwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Mkono ukifika, anaandikishwa. Palipokosekana cheti cha kuzaliwa, sikio ndilo lililokuwa ushahidi wa umri. Mfumo wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za kata, ulioanzishwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) mkoani Mbeya mwaka 2013 na kupelekwa Iringa, Njombe na mikoa mingine baadaye, umepunguza haja ya kipimo hicho, lakini tabia ya kumpima mtoto kwa kimo haijaisha. Na Iringa ndiko inakoumiza zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta takriban asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Hayo ni katika mkoa unaolisha mikoa mingine mahindi. Mtoto aliyedumaa huonekana mdogo kuliko umri wake, na mwalimu bila kukusudia humtarajia mambo madogo, humkalisha na wadogo, humwita mara chache. Kuna pia upande wa kweli: kudumaa huathiri makuzi ya ubongo, na mtoto anayekuja bila uji asubuhi ya baridi ya Julai hawezi kupimwa kitu chochote cha maana kabla hajala.

Kumbukumbu za maandishi ndipo imani huonekana waziwazi kuliko mahali pengine. Katika madaftari mengi ya kumbukumbu za walimu neno linalotawala ni hukumu: mzuri, wastani, dhaifu, mzito, anajitahidi. Hukumu haimsaidii mwalimu kupanga somo la kesho, kwa kuwa neno wastani halisemi mtoto alifanya nini. Kumbukumbu yenye manufaa hueleza tendo: alitenga vifuniko vyekundu na vyeupe bila kuambiwa, akahesabu hadi saba kwa kugusa kimoja kimoja, akaruka nane, akamaliza na kumi. Sentensi moja kama hiyo inaonyesha kwamba mtoto anaainisha kwa rangi, anaelewa kwamba kila kitu huhesabiwa mara moja, na kwamba anahitaji msaada katika mfuatano kati ya saba na kumi. Mwalimu anajua aanzie wapi. Mthibiti ubora naye, kama anataka, anapata ushahidi mzito kuliko vema kumi.

Hoja ya idadi hurudi hapa, na inajibika kwa kiasi. Mwalimu hawezi kuwatazama watoto 75 kwa siku, na mtaala haumtaki afanye hivyo. Akichagua watano kila siku ya shule, atawafikia 25 kwa wiki, na darasa la 75 litakamilika kwa wiki tatu, zaidi ya mara tatu katika muhula wa kawaida. Si upimaji bora, lakini kila mtoto anakuwa ametazamwa kwa zamu, hata yule anayekaa pembeni. Walimu wanaofanya hivi kwa kawaida hugundua jambo moja mapema: wapo watoto ambao mwezi mzima ulikuwa umepita bila majina yao kutajwa. Vifaa vya mikoba ya kazi navyo si ghali. Mfuko wa kiroba uliokatwa na kutundikwa ukutani, wenye jina na alama ya mtoto, hubeba michoro ya muhula mzima.

Kuhusu namna imani zinavyobadilika, mtazamo wa kawaida wa semina ni kwamba mwalimu aelimishwe kwanza, abadili fikra, kisha abadili vitendo. Mtafiti wa elimu Thomas Guskey, katika makala ya mwaka 1986, aligeuza mfuatano huo: mwalimu hujaribu kitendo, huona badiliko kwa wanafunzi wake, na imani hufuata nyuma. Uzoefu wa madarasa ya awali unamuunga mkono. Mwalimu hashawishiwi na mhadhara kwamba mtoto mkimya ana akili. Hushawishika siku anapomwona mtoto huyo gengeni au kwenye mdako. Kwa hiyo mafunzo endelevu ya walimu kazini, yanayojulikana kama MEWAKA, yana nafasi kuliko semina za wiki moja mjini, kwa kuwa jumuiya za ujifunzaji hukutana shuleni na katika vituo vya walimu, na mwalimu huweza kuleta mikoba miwili ya kazi na kuuliza wenzake wanaona nini. Tatizo ni kwamba mwalimu wa awali mara nyingi ni mmoja katika shule yake. Mkutano wa shule huzungumzia Darasa la Nne na la Saba, naye hukaa kimya. Mkutano wa walimu wa awali wa kata nzima una faida zaidi kwake.

Vyuo vina sehemu yao. Mwanachuo wa ualimu hupimwa zaidi kwa mitihani ya maandishi ya aina ileile iliyompitisha sekondari. Atajibu vizuri swali la faida tano za upimaji endelevu, ingawa yeye mwenyewe amepimwa hivyo mara chache. Mazoezi ya kufundisha yangeweza kufidia, iwapo msimamizi angempa alama kwa alichokiona kwa watoto watatu badala ya jinsi alivyosimama mbele ya ubao.

Kumbukumbu za mwaka hufikia mwisho wake Desemba, mtoto anapomaliza darasa la awali. Zinatakiwa kukabidhiwa mwalimu wa Darasa la Kwanza. Katika shule nyingi hubaki kabatini kwa mwalimu mkuu, na mwalimu anayepokea huanza na jaribio lake la herufi. Shule ambazo walimu hawa wawili huketi pamoja wiki ya kwanza ya Januari, wakapitia majina moja moja, huokoa wiki kadhaa za kuanza upya, na humfanya mwalimu wa awali aandike kwa mwaka unaofuata akijua kwamba kuna atakayesoma.